Taa ya Kisiwani na Maji ya Mlimani

Mwezi wa Juni mwaka 2010 kisiwa cha Pemba kilianza kupata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Waya huo una urefu unaokaribia kilomita 80, gharama zake zilibebwa kwa sehemu kubwa na serikali ya Norway, na kwa upande wa kisiwani unatokeza nchi kavu huko Wesha, karibu na Chake Chake. Kabla ya hapo Pemba iliishi kwa majenereta ya dizeli, na aliyekaa Pemba siku hizo anajua kwamba taa ilikuwa na sauti: mtu aliisikia mashine kabla hajaiona nuru, na mashine ikinyamaza, giza liliingia bila hodi. Leo taa haina sauti. Inawaka kama kwamba haikutoka popote.

Tena haina deni. Nyumba nyingi za Unguja na Pemba zina mita ya malipo ya kabla, ile iitwayo TUKUZA, ambayo ndugu yake wa bara huitwa LUKU. Mwenye nyumba hununua uniti zake, huingiza tarakimu, na akiisha kuziingiza amekwisha kulipa hata kabla ya kutumia. Ile karatasi ya ankara iliyoletwa mlangoni mwisho wa mwezi, iliyofichwa chini ya kitambaa cha meza mpaka mshahara utoke, imeondoka pamoja na fedheha yake. Anapozima taa usiku na kujinyoosha kitandani, mtu huyu anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba hadaiwi. Swali ambalo mita haiwezi kulijibu ni kama kweli hadaiwi.

Upande wa pili wa waya ni mkoa wa Tanga, na katika mkoa huo unapita mto Pangani, ambao umekuwa ukifuliwa umeme tangu miaka ya 1930, pale mashamba ya mkonge yalipohitaji nguvu za kuendesha mashine zao. (Kiswahili kimepata neno zuri hapa. Chuma hufuliwa, nguo hufuliwa, nazi hufuliwa, na maji nayo hufuliwa yakatoa umeme. Kila mara kuna kitu kinachopigwa au kuvuliwa ganda ili kitoe kilichomo ndani.) Mtambo wa Hale ulijengwa mwaka 1964 ukiwa na uwezo wa megawati 21. Ule wa zamani wa Maporomoko ya Pangani ukapata mrithi katikati ya miaka ya 1990, mtambo wa megawati 68 uliojengwa kwa fedha za Norway, Sweden na Finland. Maji huchepushwa kutoka mtoni, huteremshwa kwa kishindo hadi kwenye mashine, kisha hurudishwa mtoni upande wa chini kama kwamba hayakuguswa.

Mtaalamu atasahihisha hapa, na asikilizwe. Atasema umeme wa bara huingia katika gridi moja ya taifa, na katika gridi hiyo maji ya Pangani yamechanganyika na gesi ya Songosongo na ya Mtwara, na siku hizi zaidi na maji ya Rufiji. Hakuna awezaye kuelekeza kidole kwenye taa ya Chake Chake na kusema kwamba hii imewashwa na Hale. Ni kama kutafuta katika sinia la wali punje zilizotoka shamba la fulani. Ni kweli. Lakini kutojulikana kwa mwenye mali hakujapata kuwa ruhusa ya kuila mali. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu wana mlango mzima juu ya kitu kilichookotwa njiani, na jambo la kwanza wanalolisema ni kwamba aliyeokota hawi mwenyewe kwa sababu tu mwenyewe haonekani. Ana kazi ya kutangaza na kuuliza. Basi na iulizwe: maji yale yalikuwa ya nani, na nani aliyeyashika mpaka yakafika?

Jibu la jiografia ni refu, na litafupishwa. Mto Pangani huanza kwa majina mengine. Kikuletwa hushuka kutoka Meru na Kilimanjaro. Ruvu hutoka upande wa mashariki wa Kilimanjaro na Ziwa Jipe. Hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililochimbuliwa na kujazwa katika miaka ya 1960, ambalo likijaa huenea kilomita za mraba zipatazo 140. Hapo ndipo maji huwekwa akiba. Huko chini Hale na Pangani hakuna nafasi ya kuyahifadhi kwa muda mrefu. Kutoka bwawani mto huteremka ukiiacha milima ya Upare na kisha ya Usambara upande wake wa kushoto. Mkomazi huleta maji ya bonde lililo kati ya Upare na Usambara, pamoja na yale yanayoporomoka Soni na kupita Mombo. Luengera huleta ya bonde linaloigawa Usambara ya Magharibi na ya Mashariki, na huingia mtoni karibu na Korogwe. Halafu ndiyo Hale.

Haki itendeke kwa Wachaga na Wameru: Usambara si mama pekee wa mto huu, wala si mchangiaji mkubwa kuliko wote. Lakini Kilimanjaro ina theluji yake na watalii wake, na haijapata kukosa wa kuisifu. Usambara hutazamwa na msafiri wa basi la Tanga kama pazia la kijani lililotundikwa nyuma ya mkonge. Wachache hupanda. Wanaopanda, kwa barabara ile ya kona kutoka Mombo, hukuta juu ya mita elfu na mia kadhaa nchi nyingine: baridi, ukungu, mji wa Lushoto ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, na watu wengi kuliko inavyodhaniwa, waliobanana juu ya miteremko ambayo mtu wa pwani asingethubutu kusimama juu yake, achilia mbali kulima. Viazi, kabichi, karoti, nyanya, plamu, mapeasi, vyote hufungwa katika matenga na kuteremshwa mpaka Kariakoo. Bustani zilizo bora kuliko zote ziko mabondeni, kando ya vijito, kwani huko udongo ni mweusi na maji yako karibu.

Na hapo ndipo penye mzozo wote. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Kwa mtu aliye Dodoma na ramani mezani, mita 60 ni uzi mwembamba. Kwa mkulima wa Lushoto ambaye urithi wake wote, uliogawanywa na babu kwa watoto na watoto kwa wajukuu, hauzidi nusu ekari bondeni, mita 60 ni shamba zima pamoja na kibanda cha kuku. Anaambiwa: usilime hapa. Usikate miti ya Magamba wala ya Shagayu. Usichome. Acha chemchemi ivikwe majani ili maji yatoke polepole, masika na kiangazi, na mitambo ipate kuzunguka.

Msomaji aone aina ya jambo linalotakiwa. Mlima hautakiwi kuyasukuma maji; maji hushuka yenyewe. Mlima unatakiwa kujizuia. Na kujizuia ni kazi isiyoonekana. Anayechimba mfereji ataonyesha mfereji, anayejenga ukuta wa bwawa ataonyesha ukuta na atawekewa jiwe lenye jina lake. Lakini anayeacha kulima ataonyesha nini? Ataonyesha kichaka. Mpita njia akikitazama kichaka hicho atasema ni pori, tena huenda akaongeza kwamba watu wa hapa ni wavivu.

Swali la kimaadili, basi, ni hili: je, mtu aliyenufaika kwa sababu mwenziwe hakutenda jambo, anawajibika kwake? Hisia ya kwanza husema hapana. Mtu hamshukuru jirani kwa kutomchomea nyumba. Lakini mfano huo ni mbaya, kwa kuwa jirani hana haki ya kuchoma nyumba isiyo yake. Mkulima wa Lushoto anajizuia katika ardhi yake, na anachojizuia nacho ni chakula cha wanawe. Huko ni kutoa, hata kama mkono haukuonekana ukinyooshwa.

Lugha yenyewe inatoa ushahidi ambao haujasikilizwa vya kutosha. Kabla ya kuwa jina la kitu kinachouzwa kwa uniti, umeme lilikuwa jina la kile kimulika mbingu wakati wa mvua. Wakenya walichukua neno la mashine, wakaita stima, na kwa hilo wakaikumbuka tanuri. Kiswahili cha huku kilichukua neno la mawingu. Anayesema umeme umekatika anazungumza, bila kukusudia, lugha ya watu wa mvua.

Na Wasambaa walikuwa na falsafa kamili juu ya mvua. Wafalme wao wa Kilindi, tangu yule mwindaji Mbegha aliyetoka nchi ya Nguu akaitwa Simba Mwene, walitawala kutoka Vugha kwa kuaminiwa kwamba wanaweza kuishusha mvua na kuizuia. Kulikuwa na maneno mawili ya kupima utawala. Kuzifya shi ni kuiponya nchi: mvua kwa wakati, chakula, watu kukaa kwa amani. Kubana shi ni kuiharibu: ukame, njaa, watu kutawanyika. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyekaa na Wasambaa na kuandika juu yao kwa miaka mingi, amelieleza jambo hili kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1990, *Peasant Intellectuals*. La kuzingatiwa hapa ni sababu waliyoitoa wazee ya nchi kuharibika. Hawakusema nchi huharibika mfalme anapokuwa na nguvu nyingi. Walisema huharibika nguvu inaposhindana na nguvu, watu wawili wenye uwezo juu ya mvua moja wanapovutana, huyu akiita na yule akifukuza. Nguvu moja ikikubaliwa na wote nchi hupona. Nguvu kwa nguvu, nchi hufa.

Mtu anaweza kucheka imani hiyo kwa kuwa haamini mvua huitwa. Acheke, lakini atazame mto Pangani wa leo. Yuko mwenye mfereji juu, yuko mwenye mashamba ya umwagiliaji katikati, iko mitambo chini, iko miji yenye kiu, na wako wavuvi. Kila mmoja ana nguvu yake juu ya maji yaleyale, mwingine ya jembe, mwingine ya kibali, mwingine ya fedha za kigeni. Mzee wa Vugha angeitambua hali hiyo mara moja, naye asingehitaji mtaalamu wa kumweleza itaishia wapi.

Upo na ushahidi wa upande wa pili, nao ni mchungu kwa watu wa visiwani. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alipokufa mwaka 1862, wanawe na wajukuu wake waligombana, na nguvu zikashindana kwelikweli. Katika vita hivyo watu walitekwa na kuuzwa pwani kwa bunduki na nguo. Mengi ya habari hizo yanajulikana kwa kalamu ya mtu wa pwani, Abdallah bin Hemedi bin Ali, aliyekuwa karibu na Semboja wa Mazinde na akaandika *Habari za Wakilindi*, mojawapo ya vitabu vya mwanzo vya historia kwa nathari ya Kiswahili, kilichopigwa chapa na wamisionari wa Magila. Mateka walipitishwa katika bonde la mto huu mpaka bandari ya Pangani, na kutoka Pangani wengine walivushwa kwenda kupalilia mikarafuu ya Unguja na Pemba. Njia ya waya wa mwaka 2010 ni jirani ya njia hiyo. Pemba ilipokea watu kutoka mlimani kabla haijapokea taa, na haikuwauliza jina.

Hilo halisemwi ili mtu wa leo avikwe kosa la babu wa babu yake. Linasemwa kwa sababu mtu anapodai kwamba kati yake na Usambara hakuna uhusiano ila ule wa mnunuzi na muuzaji, historia inamkanusha.

Wakati wa Waingereza kujizuia kulitakiwa kwa amri. Mwaka 1946 ulianza mpango wa kuokoa udongo wa bonde la Mlalo, na baadaye ukaenezwa katika Usambara nzima. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta katika miteremko, kuacha kulima penye mwinuko mkali, kuondoa mifugo. Kitaalamu mpango haukuwa upuuzi wote. Udongo ulikuwa ukimomonyoka kweli, na mito ilishuka myekundu. Lakini wanawake na wanaume walichimba kwa kuogopa faini na jela, wakaona wanafanywa watumwa katika mashamba yao, wakakataa, na kukataa huko kulikuwa moja ya mito iliyoingia katika bahari ya siasa za uhuru. Mwaka 1957 mpango ukaachwa. Wapo wanaoihesabu habari hii kuwa ni ya ujinga wa wakulima. Si sawa. Mkulima yuleyule, katika miongo iliyofuata, alipanda miti na majani ya kingo katika miteremko hiyohiyo alipoona faida yake na alipoulizwa maoni yake. Jambo lilelile likiamriwa ni adhabu, likikubaliwa ni ihsani, na ardhi inaijua tofauti kwa sababu matuta ya adhabu hubomolewa usiku.

Baada ya uhuru swali la mwenye maji lilijibiwa na sheria. Sheria ya mwaka 1974 iliyaweka maji yote ya nchi mikononi mwa dola. Mtumiaji hupewa haki ya kutumia, si kumiliki. Mwaka 1991 ikaundwa ofisi ya maji ya bonde la Pangani, wakati mtambo mpya wa Maporomoko ya Pangani ukipangwa, na wafadhili wakitaka uhakika kwamba maji yatafika. Wenye mifereji waliambiwa wajiandikishe na walipe ada. Wengi walishangaa. Mfereji umechimbwa na babu, maji ni neema ya Mungu, ada ni ya nini? Ofisi nayo ilikuwa na hoja: bila hesabu, wa juu atamaliza kila kitu. Sheria ya mwaka 2009 ilirekebisha mengi na kuwapa watumiaji wa maji nafasi ya kukaa katika jumuiya zao. Lakini mwelekeo wa fedha haukubadilika sana. Ada hulipwa na anayeshika jembe, naye anayewasha feni hudhani kwamba keshalipa.

Msomaji wa pwani ana mizani nyingine ya kupimia, aliyoirithi msikitini. Ni mafunzo mashuhuri kwamba watu ni washirika katika vitu vitatu, maji, malisho na moto. Ajabu ya umeme wa maporomoko ni kwamba umeviunganisha viwili kati ya hivyo vitatu: ni maji yaliyogeuzwa moto. Kama maji ni ya ushirika na moto ni wa ushirika, basi kitu kinachozaliwa na hivyo viwili kinakuwaje cha mwenye fedha peke yake? Wala ushirika si fujo. Iko pia habari ya majirani wawili wa Madina waliogombea maji ya mfereji, na hukumu ya Mtume ikawa kwamba wa juu amwagilie kwanza, kisha ayaachie yaende kwa wa chini. Wanazuoni wakaweka kipimo, maji yafike kifundo cha mguu. Hukumu hiyo ina mambo mawili ambayo huwa yanatenganishwa na wanaoitumia kwa faida yao. Wa juu ana haki ya kwanza. Na haki yake ina kikomo.

Wakubwa wa nchi wamekishika kikomo, wakaisahau haki ya kwanza. Mita 60 ni kikomo cha wa juu, kimepimwa kwa futi kamba. Kikomo cha wa chini kiko wapi? Nani amepima kifundo cha mguu wa mji?

Atasimama mtetezi wa bwawa na kusema: mtambo haunywi maji. Huyapitisha tu na kuyarudisha, tone kwa tone. Kwa hiyo haumdhulumu mtu. Hoja hii ina nusu ya ukweli. Mtambo haunywi maji, lakini unakula wakati wake. Mto wa asili hufurika masika na kukonda kiangazi, na kila kiumbe cha kandokando kimepanga maisha yake kwa mwendo huo. Bwawa huyashika masika yakae, huyatoa kiangazi, yaende sawasawa kama mshahara. Chini ya Nyumba ya Mungu kulikuwa na kinamasi kikubwa cha Kirua, kilichonyweshwa na mafuriko. Baada ya bwawa kimesinyaa, na wavuvi na wafugaji waliokitegemea wameona tofauti. Bwawani kwenyewe, miaka ya mwanzo samaki walikuwa wengi hata watu wakahamia kutoka mbali, kisha wakapungua, na vijiji vikabaki na nyavu. Huko mwisho kabisa, mjini Pangani, wakulima wa kando ya mto wanalalamika kwamba maji ya chumvi hupanda juu zaidi kuliko zamani, kwa kuwa mto umepungukiwa na nguvu ya kuisukuma bahari. Jina la Nyumba ya Mungu ni zito mno kwa kazi hii ya kugawa. Aliyelitoa hakuwa akifikiria majedwali ya kufungua na kufunga milango ya maji.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi. Itasemwa: mkulima anayeuacha msitu ameuacha kwa manufaa yake mwenyewe. Udongo ukisombwa ni wake, chemchemi ikikauka mke wake ndiye atakayekwenda mbali na ndoo kichwani. Kwa nini adai shukrani kwa kulinda kilicho chake? Ni kweli kwamba manufaa yamechanganyika. Lakini si mara zote. Katika Usambara ya Mashariki, kwenye ushoroba wa msitu wa Derema, wakulima zaidi ya elfu moja waliokuwa wakipanda iliki chini ya miti walitolewa katika miaka ya 2000 ili vipande vya msitu viunganishwe. Walilipwa fidia ya mazao. Ardhi yenyewe haikuhesabiwa. Iliki ndiyo iliyokuwa ada ya shule na mahari. Maji ya upande huo huteremka zaidi kwenye mto Sigi, na kupitia lambo la Mabayani hunywewa mjini Tanga, si kufuliwa umeme. Lakini suala ni lilelile. Manufaa ya mkulima yalikuwa katika iliki. Manufaa ya msitu ulioungana yalikuwa ya wengine, wengi wao wasioijua Derema iko wapi.

Katika Kiswahili yako maneno mawili ambayo wepesi wa siku hizi umeyachanganya. Deni lina kiasi. Linahesabika, linalipika, na likilipwa linakufa. Dhima haina kiasi. Ni hali ya kuwa na jambo la mtu shingoni mwako. Mwaka 2017, wakati shirika la umeme la bara lilipotishia kuwakatia wadaiwa, magazeti yalijaa habari za deni la Zanzibar, lililotajwa kuwa zaidi ya shilingi bilioni 120. Lilijadiliwa deni, bei, muungano, heshima. Mlima haukutajwa. Lingelipwa lote siku ileile, hata senti isingefika kwenye ile nusu ekari ya bondeni, kwani katika hesabu ya deni mkulima yule hana safu. Yumo katika hesabu ya dhima, na hesabu hiyo haina daftari.

Dhima haimtaki mtu wa kisiwani apeleke sadaka Lushoto. Wasambaa si masikini wa kuombewa. Wanajua kulima kuliko wengi. Inamtaka kwanza ajue. Halafu inataka jambo ambalo lilichelewa kwa aibu kubwa: nuru iwafikie na wao. Kwa miongo mingi nguzo za umeme zilipita chini ya milima ile zikielekea mijini, na vijiji vilivyozitazama kwa juu vilisoma kwa koroboi; hali ilianza kubadilika kwa mapana baada ya Wakala wa Nishati Vijijini kuanza kazi mwaka 2007. Na inataka zaidi kwamba siku maji yanapogawanywa, aliye juu aketi barazani kama mwenye haki ya kwanza, si kama mtuhumiwa wa kukata miti.

Itasemwa sasa kwamba mjadala huu umepitwa, maana bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kutoa umeme mwaka 2024, na mbele yake Hale ni kama kibatari mbele ya mwezi. Lakini Rufiji nayo ina watu wa juu, Wakilombero na Waruaha, wenye mpunga na ng'ombe, wanaotakiwa wajizuie. Na ina watu wa chini, wa deltani, waliokuwa wakilima kwa kufuata mafuriko. Dhima haikufutika. Imehamia kwa mtu mwingine, na imekuwa kubwa mara mia.

Masika yakiingia Usambara, maporomoko ya Soni hugeuka rangi. Mwaka ambao miteremko imeshikwa vizuri hushuka ya kahawia nyepesi, mwaka mwingine mekundu kama uji wa mtama. Huchukua siku kadhaa kufika Pangani mjini, kwenye minazi, ambako bamvua likijaa bahari hupanda kuyapokea. Mtu akichota kwa kiganja mahali hapo na kuonja, ulimi utamwambia ni wapi mto umeishia leo. Ng'ambo ya mkondo, usiku wa siku hiyohiyo, mita ya ukutani inapunguza tarakimu moja baada ya moja.